Kutunza vioo vya spektromita ya nyota kwenye vumbi la Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa walimu wa fizikia, wanafunzi wa vyuo na wapenzi wa nyota wa Dodoma, Kondoa, Mpwapwa na Singida ambao wana spektromita au wanajiandaa kuwa nayo. Mimi ni fundi sanifu wa maabara hapa mjini. Kifaa ninachokitunza ni kidogo: kinafungwa nyuma ya darubini ya inchi nane, kikatenganisha mwanga wa nyota katika rangi zake usiku ili tuuchambue. Nimeanza na yale ninayoulizwa karibu kila wiki.

Ndani ya spektromita kuna nini, na kipi ni dhaifu kuliko vyote?

Mwanga wa nyota ukitoka kwenye darubini unapita kwanza kwenye ufa. Huu ni upenyo mwembamba sana, na kwa vifaa vidogo kama vyetu upana wake mara nyingi ni maikromita 20 au 30 (maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Ukishapita unatawanyika, kwa hiyo unapokelewa na lenzi au kioo kinachonyoosha miale yake iwe sambamba. Kisha unaangukia gretingi, kile kioo chenye mistari iliyochorwa kwa usambamba, mamia hadi maelfu ndani ya kila milimita. Hapo ndipo rangi zinapoachana. Lenzi ya mwisho inazikusanya na kuzilaza juu ya sensa ya kamera, na utepe huo wa rangi ndio tunaouita spektra.

Gretingi ndiyo dhaifu kuliko vyote. Chukua ile ya mistari 1,200 kwa milimita: kutoka mstari mmoja hadi mwingine ni kama maikromita 0.83. Unywele mmoja wa kichwani, ukiulaza juu yake, unafunika mistari ipatayo themanini. Tena mistari hiyo mara nyingi haiko kwenye kioo chenyewe. Iko kwenye utando wa gundi ya epoksi ulionakiliwa kutoka kwa gretingi mama, na juu ya utando huo umepakwa alumini nyembamba mno. Ukiigusa, kidole chako hakikutani na kioo kigumu. Kinakutana na matuta laini yenye ngozi ya alumini, nayo yakilala hayainuki tena.

Fundi shikamoo. Nimemulika gretingi yangu kwa tochi, ina vumbi linaonekana kabisa. Nilifute kwa kitu gani?

Marahaba. Usilifute kwa kitu chochote.

Najua jibu hili linakera, maana sisi tumelelewa kwamba kitu kichafu kinafutwa. Lakini vioo vingi nilivyoletewa vikiwa vimeharibika havikuharibiwa na vumbi, viliharibiwa na mtu aliyekuwa anavisafisha. Tochi ikimulika kwa ubavu inafanya hata kioo kilichotoka kiwandani leo kionekane kama barabara ya vumbi. Kaa chini upige hesabu kwanza.

Tuseme gretingi yako ina ukubwa wa milimita 25 kwa 25. Hiyo ni milimita za mraba 625. Punje ya mchanga yenye upana wa milimita 0.1, kubwa kabisa kwa macho, inafunika milimita ya mraba 0.01. Umepoteza sehemu moja kati ya 62,500 ya mwanga wako. Punje hamsini za namna hiyo hazifikishi hata moja kwa elfu. Huwezi kuliona pengo hilo kwenye spektra hata ungelitafuta.

Sasa punje ile ile iweke kwenye ufa wa maikromita 20. Ina upana mara tano ya ufa. Imeuziba kabisa pale ilipokaa, na kwenye picha utaona mstari mweusi ukikata spektra nzima toka nyekundu hadi zambarau.

Ndiyo maana nikisikia "gretingi yangu ina vumbi" silali na wasiwasi, ila nikisikia "ufa una vumbi" nanyanyuka.

Kwa hiyo nisifanye lolote?

Puliza. Tumia kipulizio cha mpira cha kubonyeza kwa mkono. Kigeuze kifaa ili gretingi iangalie chini au ubavuni, vumbi likitoka lisirudi hapo hapo, kisha bonyeza kwa umbali wa sentimita kumi hivi, mara tano au sita. Ncha isiguse. Kilichobaki baada ya hapo kiache.

Kama kipulizio ni kipya, kioshe kwanza. Vingi vinakuja na unga wa talki ndani ili mpira usigandane, na mbonyezo wa kwanza unaupeleka unga wote kwenye kioo chako. Bonyeza maji safi mara kadhaa, kikaushe siku mbili, halafu kijaribu juu ya kioo cha kawaida cheusi au uso wa simu iliyozimwa. Ukiona madoa meupe, rudia kuosha.

Naweza kupuliza kwa mdomo?

Hapana. Pumzi ina mate, hata kama huyaoni.

Je, kompresa ya fundi pancha?

Nimeulizwa swali hili mara nyingi kuliko nilivyotarajia, na nimeona kifaa kilichopelekwa huko kweli. Hewa ya kompresa ya matairi inatoka na ukungu wa mafuta ya injini yake na maji yaliyokusanyika tangini. Kwenye tairi haina neno. Kwenye gretingi inaacha utando wa mafuta unaoshika vumbi kama ulimbo, na utando huo hauondoki bila kufuta, nasi tumeshakubaliana kwamba hatufuti. Nguvu yake pia inaweza kukisogeza kioo kutoka kwenye kitako chake.

Vichupa vya hewa vinavyouzwa kwenye maduka ya kompyuta navyo sivipendi. Ukikiinamisha kidogo kinatema gesi ikiwa bado kimiminika, baridi kali, na doa linabaki.

Mwanafunzi ameishika gretingi kwa kidole. Nini kifanyike?

Kwanza msimkaripie hadi akaogopa kusema siku nyingine. Halafu msiiguse.

Kwetu ilitokea. Kijana wa mafunzo kwa vitendo alifungua mfuniko, akaona rangi za upinde wa mvua zikicheza mle ndani, mkono ukaenda wenyewe. Alipoona alama ya dole gumba akashika kona ya shati lake ili aifute, nikamwahi. Dole lile lipo mpaka leo, upande wa kulia chini. Ukiinamisha kifaa dirishani unaona mikunjo yote ya ngozi, kila mmoja ukiwa na ukingo wa kijivu kwa sababu chumvi ya jasho imeshaanza kuila alumini. Hata hivyo gretingi ile bado inafanya kazi kila usiku wa kiangazi. Mwanga unaotawanywa na alama ile umeongeza kidogo tu mwanga chini ya mistari myeusi ya Jua, ile tunayoipima mchana kama nitakavyoeleza mbele. Kona ya shati ingelaza mistari ya gretingi kwenye eneo lote lililopitiwa, na hapo tusingekuwa na kifaa.

Gretingi iliyoguswa ikiwa mpya na ya thamani kubwa, wasiliana na mtengenezaji wake, umwambie ni ya aina gani. Baadhi zinaruhusu kusuuzwa kwa kimiminika maalumu bila kusugua, nyingine haziruhusu. Kubahatisha hapa ni kuitupa. Pia fahamu kwamba kioo kikubwa cha darubini kikichakaa hupakwa alumini upya ndani ya tangi la ombwe, yaani lililoondolewa hewa, lakini gretingi ya namna yetu haipakwi upya, inabadilishwa.

Ufa ukiwa na vumbi nitajuaje, na nitausafishaje?

Elekeza kifaa kwenye anga la mchana au karatasi nyeupe iliyoangaziwa, piga picha, uitazame. Vumbi la ufa linajionyesha kama mistari myeusi iliyonyooka, inayokwenda kwa urefu wa spektra, kutoka rangi moja hadi nyingine. Vumbi la kwenye kioo kinachofunika sensa linajionyesha kama duara dogo jeusi au pete, sehemu moja tu. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza ya kujifunza, kwa sababu watu wanafungua upande ambao hauna tatizo.

Ukitaka uhakika, sogeza ufa kidogo sana au ubadilishe pembe ya gretingi. Pete isiyosogea iko kwenye kamera. Mistari inayopanda na kushuka pamoja na ufa ni ya ufa.

Usafi wa ufa unategemea umetengenezwaje. Kama ni bamba mbili za chuma zinazokaribiana, puliza kutoka nyuma kwenda mbele, yaani kinyume cha njia ya mwanga, ili punje itoke ilikoingilia. Punje ikikataa, na kama ufa wako unaweza kufunguliwa kwa skrubu, ufungue uwe mpana, puliza, urudishe. Usipitishe wembe, sindano wala unyoya. Makali ya bamba hizo yamenolewa kuwa sawa kwa kiwango cha maikromita, na pengo dogo litakaa kwenye kila spektra utakayoipiga maisha yako yote. Kama ufa ni wa kioo kilichopakwa kromi, huo ni mgumu zaidi na unavumilia pamba safi iliyoloweshwa alkoholi safi, ikivutwa mara moja kwa uzito wake wenyewe.

Hata ukibaki na mstari mmoja au miwili, picha ya mwanga sawia, ile ya karatasi nyeupe, itausahihisha vizuri wakati wa kuchakata. Ipige usiku ule ule, kifaa kikiwa hakijaguswa.

Alkoholi gani? Duka la dawa wamenipa spiriti.

Isome chupa. Spiriti ya hospitali mara nyingi imetiwa mafuta ili isikaushe ngozi, na mafuta hayo yanabaki kwenye lenzi kama ukungu. Spiriti ya zambarau ya kuwashia majiko ina rangi na vitu vingine vinavyoacha doa. Kitakasa mikono kina gliserini. Vyote vitatu vinanukia alkoholi na vyote vitatu vitakuharibia kazi.

Unayoitaka ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, inayouzwa na wauza kemikali za maabara na baadhi ya mafundi simu. Kabla ya kuitumia ifanyie jaribio hili: dondosha tone moja juu ya kioo safi cha dirisha, liache likauke, ulitazame kwa tochi ya ubavuni. Likiacha duara, chupa hiyo kaitumie kwa kazi nyingine.

Alkoholi hii ni ya lenzi, vioo vya dirisha la kamera na ufa wa kromi peke yake. Haihusiani na gretingi. Asetoni nayo iwe mbali kabisa na spektromita zenye sehemu za plastiki, na siku hizi nyingi zina mwili uliochapwa kwa printa ya plastiki. Kifaa cha Sol'Ex alichokibuni Mfaransa Christian Buil kwa ajili ya kuchunguza Jua ni mfano mzuri wa aina hiyo.

Maji je?

Yasiwe ya bomba. Maji yetu ya visima yana chumvi, kila aliyechemsha chai hapa ameona birika lake. Tone likikauka linaacha duara jeupe ambalo ni gumu kuliko vumbi ulilokuwa unaliondoa. Maji yaliyotoneshwa yanapatikana kwenye vituo vya mafuta kama maji ya betri, ila hakikisha ni maji matupu na si tindikali. Chupa zinafanana na zinakaa rafu moja.

Lenzi ninazisafisha mara ngapi?

Mara chache kuliko unavyofikiri. Mimi lenzi ya mbele naigusa mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa kiangazi, na za ndani sizigusi kama hakuna sababu iliyoandikwa kwenye daftari.

Siku ya kuzigusa, nafuata mpangilio huu. Napuliza mpaka nichoke. Nachukua karatasi laini ya lenzi, siyo tishu ya chooni, siyo khanga, siyo fulana ya zamani hata kama imefuliwa mara mia. Naidondoshea tone moja la alkoholi, naiweka juu ya lenzi, naivuta taratibu kuelekea ukingoni bila kuikandamiza, naitupa. Karatasi nyingine, mvuto mwingine. Haigeuzwi upande wa pili, hairudishwi nyuma. Vumbi la Dodoma si unga, ni mchanga wa miamba uliosagika, na ndani yake kuna punje za madini ya kwazi (quartz) ambazo ni ngumu kuliko kioo cha lenzi. Ukisugua kwa mduara umeshika msasa.

Wakati wa kiangazi hewa ikiwa kavu kuna jambo jingine: umeme tuli. Ukifuta lenzi ya plastiki kwa kitambaa kikavu inachajika na kuvuta vumbi jipya mbele ya macho yako. Wengi hapo wanaongeza kufuta. Acha, subiri dakika kumi na tano, puliza.

Kiangazi na kifuku, kipi ni kibaya zaidi?

Kila kimoja kina ubaya wake, na vinataka matunzo tofauti kabisa.

Kuanzia Mei hadi Novemba adui ni vumbi, hasa Agosti hadi Oktoba upepo ukichachamaa na chamchela zikitembea uwanjani mchana kweupe. Kipindi hicho ndicho chenye usiku mzuri wa nyota, kwa hiyo hatuwezi kufunga kifaa tukakisahau. Tunachofanya ni kuzuia vumbi lisiingie, kwa sababu likishaingia umechelewa. Chumba cha kifaa kinapigwa deki kwa kitambaa kibichi, hakifagiliwi. Fagio la chelewa linarusha juu kila kilichokuwa kimetulia sakafuni, na vile vilivyo vidogo zaidi vinaelea kwa saa nyingi. Dirisha la upande wa mashariki na kusini-mashariki linabaki limefungwa kwa kuwa upepo wetu unatokea huko zaidi. Mfuniko wa darubini hautoki mpaka giza limeingia na upepo umelegea, na kila tundu la kifaa lisilotumika lina kizibo chake. Kizibo kikipotea, kipande cha karatasi ya alumini ya jikoni na raba ya kufungia nywele vinatosha.

Kuanzia Desemba hadi Aprili adui ni unyevu. Dodoma si Tanga wala Bukoba, lakini Januari na Februari kipimo changu cha unyevu kinapanda kupita asilimia 70 usiku wa mvua, na hapo ukungu wa kuvu unaanza kujipangia. Unaanza kama uzi mmoja mweupe ukingoni mwa lenzi, unatanda kama utando wa buibui, na ukiachwa unatoa tindikali inayokula kioo. Lenzi zilizokaa miaka pwani ndizo ninazozikagua kwanza zikiletwa hapa. Ukiikuta lenzi yenye kuvu, itenge, usiiweke sanduku moja na nyingine.

Dawa ni sanduku la plastiki lenye mfuniko wa mpira, vipakti vya jeli ya silika, na kipimo kidogo cha unyevu ndani. Lenga asilimia 35 hadi 50. Watu huniuliza kuhusu mchele. Mchele unafyonza kidogo mno na unaacha vumbi la wanga, ambalo kwa kuvu ni chakula.

Jeli ya silika ikibadilika rangi inatupwa?

Haitupwi, inakaushwa. Oveni ya nyuzi 110 hadi 120, saa mbili au tatu, halafu ipoe ndani ya chupa iliyofungwa. Zile za buluu zinazogeuka pinki zina kobalti, ambayo ni sumu. Usizikaushe kwenye sufuria ya kupikia, na watoto wasizichezee.

Kuna wadudu wa kuogopa?

Wapo, na vitabu vya maelekezo vinavyokuja na vifaa havitaji hata mmoja wao.

Nyigu wa udongo wanapenda bomba lolote lenye kipenyo cha kidole. Nimefungua kifaa kilichokaa wiki tatu bila kizibo nikakuta vyumba vitatu vya udongo vimejengwa kwa ustadi kati ya ufa na lenzi, ndani mna buibui waliopoozwa wakisubiri kuliwa na watoto wa nyigu. Kuutoa udongo ule bila kuumwaga kwenye gretingi kulituchukua alasiri nzima, kifaa kikiwa kimening'inizwa kichwa chini.

Kumbikumbi hutoka jioni ya mvua za kwanza, wakifuata taa. Wanadondosha mabawa yao popote, na bawa moja ni jepesi vya kutosha kuelea hadi ndani ya darubini. Jioni hiyo tunazima taa zote au hatufungui kabisa.

Mijusi wa ukutani wanaacha vinyesi vinavyokula alumini. Mchwa wanakula sanduku la mbao kwa chini huku juu likionekana zima, kwa hiyo sanduku liwe juu ya meza ya chuma, lisigusane na ukuta.

Nitajuaje kifaa kimeanza kuchafuka, kama sitakiwi kukiangalia kwa tochi?

Kiulize kwa mwanga. Hili ndilo ninalotamani kila mwenye spektromita alianze wiki hii.

Mara moja kwa mwezi, saa sita mchana, siku isiyo na mawingu, toa spektromita kwenye darubini, ielekeze kwenye anga la buluu mbali na Jua, piga spektra. Mwanga wa anga ni mwanga wa Jua uliotawanyika, kwa hiyo unabeba mistari myeusi ile ile aliyoichora mwanafizikia Mjerumani Joseph von Fraunhofer mwaka 1814. Pima mwanga uliobaki chini ya mstari, yaani kwenye sakafu yake, uugawanye kwa mwanga wa pembeni yake. Andika namba hiyo daftarini pamoja na tarehe. Mwezi ujao rudia kwa mpangilio ule ule wa ufa na muda ule ule wa kamera.

Kioo kikichafuka, mwanga unatawanyika ovyo ndani ya kifaa na kujaza sakafu ya mistari hiyo. Namba inapanda polepole. Isipopanda, kifaa ni kizima, hata kama tochi inakuonyesha maajabu. Mimi natumia mstari wa haidrojeni wenye urefu wa wimbi wa nanometa 486.1 (nanometa ni sehemu ya elfu ya maikromita). Ule wa sodiamu wa 589.0 na 589.6 ni mzuri kwa macho na wanafunzi wanaupenda, ila jirani yake kuna mistari ya mvuke wa maji wa angani ambayo kwenye kifuku inaongezeka, na unaweza kudhani kifaa kimebadilika kumbe ni hewa iliyobadilika.

Daftari letu lina kurasa za miaka kadhaa sasa. Kuna ukurasa mmoja ambao namba inaruka ghafla, baada ya kifaa kurudi kutoka kwa watu waliokuwa wameazima. Waliturudishia kinang'aa. Lenzi ilikuwa imesuguliwa vizuri sana, kwa mduara, na ukiitazama kwa ubavu unaona nyuzi za mikwaruzo kama nyayo za kuku kwenye majivu.

Naweza kukielekeza kwenye Jua moja kwa moja?

Kikiwa kwenye darubini, kamwe, mpaka mdomo wa darubini uwe na chujio la Jua lililofungwa imara mbele. Bila chujio utaunguza ufa kwa sekunde, na jicho kwa muda mfupi zaidi. Kwa jaribio la mwezi huhitaji darubini wala Jua lenyewe. Anga linatosha.

Mistari ya spektra yangu inahama wakati wa usiku. Gretingi imelegea?

Mara nyingi ni joto. Juni na Julai kifaa kikitoka ndani ya nyumba kwenda nje kinapoa nyuzi kumi au zaidi kabla ya usiku wa manane, chuma kinasinyaa, plastiki inasinyaa zaidi, na mistari inasogea kwenye sensa. Kitoe nje saa moja kabla ya kuanza. Kisha piga spektra ya taa unayoijua kabla na baada ya kila nyota. Balbu za enaji sava za zamani zina zebaki, na mistari yake ya nanometa 435.8 na 546.1 haina ubishi. Kile kitaa chekundu cha swichi ya kebo ya eksitensheni mara nyingi ni neoni, nayo inakupa mistari mingi upande wa nyekundu. Kitumie kikiwa ndani ya kasha lake, usikifungue, kiko kwenye umeme wa nyumbani.

Mistari ikihama kwa kuruka, siyo polepole, hapo kagua skrubu.

Nasafirishaje kifaa kwenda shule za vijijini?

Kwenye mapaja ya mtu. Sitanii. Rasta na makorongo ya barabara ya vumbi yanalegeza skrubu moja baada ya nyingine, na mwili wa binadamu unameza mtikisiko kuliko sponji yoyote tuliyojaribu. Isipowezekana, sanduku lenye sponji nene, juu ya kiti na si kwenye buti, madirisha ya gari yamefungwa. Usikiache ndani ya gari juani, kwa kuwa Oktoba gari lililofungwa linachemka kiasi cha kulegeza gundi za vioo. Ukifika, mfuniko usifunguliwe mpaka vumbi la gari limetua.

Kamera yangu inapozwa, na Februari dirisha lake linaweka ukungu.

Kidonge cha kukaushia kilicho ndani ya kamera kimeshiba unyevu. Kikaushe au kibadilishe. Kwa usiku huo punguza upoozaji, nyuzi sifuri zinatosha.

Niko katikati ya kazi usiku, nimeona mstari mweusi mpya kwenye spektra. Nifungue?

Usifungue. Usiku, kwa tochi ya kichwa, mikono ikiwa na baridi na upepo ukivuma, utaingiza punje kumi ukitafuta moja. Sogeza nyota juu au chini kidogo ndani ya ufa, mahali pasipo na mstari, uendelee. Andika daftarini. Kesho saa nne asubuhi, chumba kikiwa kimepigwa deki, chukua kipulizio.